Jiko Lisilo na Moshi

Watu wa Tongaren wanasema ndugu yangu Wekoye alimuua mama. Wapole wanasema hakukusudia. Wasio wapole wanasema alikuwa na haraka ya kurithi shamba. Aliyeanzisha maneno hayo ni mimi. Niliyasema nje ya chumba cha maiti mjini Bungoma, nikiwa nimemkamata kola ya shati, na niliyasema kwa sauti iliyomfikia hadi askari wa lango. Kwa hiyo ni juu yangu kueleza jinsi jiko la mama lilivyopangwa na kujengwa, kwa sababu kifo chake kilianzia mezani pangu Kitale, kwa rula na penseli.

Mimi naitwa Rispah, na kazi yangu ni kuchora majiko. Mtu akijenga nyumba Milimani au kule njia ya Kapenguria, huja dukani kwangu na picha kwenye simu: jiko la Dubai, jiko la Marekani, marumaru nyeupe kila mahali. Nami humwuliza kama atapika ugali au atapika picha. Nina mdomo, sikatai. Lakini wateja hunirudia, kwa sababu najua kuwa jiko linaweza kupendeza bila kumaliza msitu na bila kuagiza mawe kutoka nchi za watu. Natumia matofali ya udongo wa hapa hapa, yale yanayoshindiliwa kwa mashine na kukaushwa bila kuchomwa. Natumia mbao zinazotoka kwenye nyumba kuukuu za walowezi zinapobomolewa. Maji ya sinki huenda kwenye migomba. Nilijivunia hayo yote, na wakati huo huo mama yangu mzazi alikuwa akipikia kwenye kibanda chenye moshi wa kukutoa machozi.

Mwaka juzi alianza kukohoa bila kupumzika. Nilimpeleka Bungoma akapigwa picha ya kifua, na daktari akaniuliza mama alivuta sigara kwa miaka mingapi. Nikamwambia mama ni mtu wa kanisa, sigara hajawahi hata kuishika. Daktari akasema basi ni kuni.

"Mapafu yamechoka," aliniambia. "Akiendelea na huo moshi, miaka miwili siwezi kukuahidi. Akiuacha, anaweza kuona wajukuu wakimaliza shule."

Nilitoka pale nikiwa na hasira na moshi, hasira kabisa, kama ninavyomkasirikia mtu. Nilimtaka mama yangu awe hai. Na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na ugonjwa mbele yangu ambao dawa yake ilikuwa kazi ninayoijua.

Jumamosi iliyofuata niliendesha gari hadi nyumbani nikiwa na daftari jipya na utepe wa kupimia. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya mafiga, anageuza viazi kwenye majivu na kukohoa ndani ya leso. Wekoye alikuwa amesimama mlangoni. Yeye ndiye aliyebaki nyumbani baba alipofariki, analima, anakama, anampeleka mama kanisani kwa pikipiki. Ni mtu wa maneno machache, na maneno machache hunikera.

"Mama, hii yote tunabomoa," nilisema.

"Tunabomoa tunaenda wapi?"

"Nakujengea ingine. Haina moshi hata kidogo. Ng'ombe wawili za Wekoye zinatosha, mavi yao inatoa gesi, unapika na hiyo gesi. Ukuta ya udongo poa, kaunta ya mbao, sinki na mfereji ndani. Watu watatoka Kimilili wakuje kuiangalia."

Mama alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Lispa," alisema. Aliniita Lispa maisha yake yote. "Na mimi nitalala wapi?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Tangu awe mjane, mama alikuwa analala jikoni, karibu na moto, kama wanavyofanya kina mama wengi wa umri wake huko kwetu. Nyumba kubwa ilikuwa ya wageni, viti vyenye vitambaa na kalenda za kanisa. Nikamchorea hapo hapo benchi la matofali, pana, lenye nafasi ya godoro, chini ya dirisha linalopata jua la asubuhi. Alilitazama akaridhika.

"Na mbegu?"

Juu ya moto, kwenye fito nyeusi, kulikuwa na mahindi yake ya mbegu, yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake, meusi kwa masizi. Majirani wote walinunua mbegu za pakiti kila msimu. Mama alikuwa na mahindi aliyopewa na mama yake alipoolewa, meupe yenye punje chache za zambarau. Kila Machi aliyashusha, akayapukuchua, akayapanda kwenye kipande chake nyuma ya nyumba. Moshi uliokuwa ukimuua ndio uliokuwa ukiyalinda mahindi hayo na fukusi. Nalielewa hilo leo. Siku ile niliona vitu vichafu vinavyoning'inia juu ya sufuria.

"Nitakuwekea kabati ya mbegu," nilisema. "Inafunga kabisa. Hata panya haiingii."

"Lakini mbegu hukaa kwa moshi."

"Mama, moshi ndio inakumaliza. Mimi nataka uishi, wewe unaniambia mbegu."

Nilisema kwa ukali. Mama akarudia viazi vyake. Wekoye alikohoa kidogo pale mlangoni kama mtu anayetaka kusema kitu, halafu akaenda kufungulia ng'ombe. Nikaandika daftarini, "kabati la mbegu", nikatia alama ya vema kando yake na kuendelea na vipimo vya sinki.

Fundi wangu alikuwa Kigen, kijana wa miteremko ya Mlima Elgon ambaye nimefanya naye kazi miaka sita. Tulianza Agosti. Kaunta tuliipata kwenye nyumba ya mlowezi iliyokuwa ikibomolewa nje ya Kitale, ubao mmoja mzito ambao vijana wanne waliubeba kwa shida. Milango tuliitoa huko huko. Sakafu tuliisugua mpaka ikang'aa, na kwenye paa tukaweka bati mbili za kupitisha mwanga ili mama asiwashe taa mchana. Siku tulipofikia juu ya ukuta, Kigen aliniita.

"Madam, hapa juu hatuachi nafasi? Watu huacha, ipumue."

Kibanda cha zamani kilikuwa na pengo pande zote kati ya ukuta na paa. Ndimo moshi ulimotokea, na ndimo panya, vumbi na baridi vilimoingilia.

"Nafasi ya kutoa nini, Kigen? Moshi iko wapi?"

"Nimeuliza tu."

"Ziba. Sitaki vumbi kwa kaunta yangu."

Akaziba. Aliziba vizuri, kwa sababu ni fundi mzuri. Madirisha ya vioo yalikuwa makubwa, na nilihesabu kuwa mtu akitaka hewa atayafungua. Sikufikiria kwamba mwanamke wa miaka sabini na minne anayesikia baridi hatafungua dirisha usiku hata kidogo.

Jiko liliisha Novemba. Nawaambia ukweli, lilikuwa zuri. Kuta zilikuwa na rangi ya udongo wenyewe, meko ya gesi yalikaa kwenye kona bila alama ya masizi, na kabati la mbegu lilikuwa na mlango wenye mpira pembeni kama wa friji. Nilipiga picha nikaziweka mtandaoni, na wiki hiyo hiyo watu kumi na mmoja walinipigia simu wakitaka jiko kama la mama yangu.

Mama mwenyewe hakulitaka. Alisema chakula cha gesi ya mavi hakina ladha. Joan, mke wa Wekoye, alinipigia kuniambia kwamba kukhu, ndivyo wajukuu wanavyomwita bibi yao kwa Kibukusu, amejipangia mafiga matatu nyuma ya choo na anapikia huko kwenye upepo. Nilipandwa na hasira. Nilikwenda Tongaren siku hiyo hiyo, nikamkuta amechuchumaa kwenye moshi, nikamshika mkono na kumwingiza ndani ya jiko lake. Nikafunga mlango.

"Pumua," nilimwambia. "Pumua mama, usikie. Hewa ya humu ni safi kuliko ya hospitali. Humu ndani hakuna kitu ya kukuua."

Alipumua. Alikuwa amesimama katikati ya sakafu ile inayong'aa, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, kiganja kifuani. Akapumua tena.

"Haina harufu," alisema.

"Haina. Kitu inaua iko na moshi, na hapa hakuna moshi. Si unaona?"

"Naona."

Wiki mbili kabla ya Krismasi Joan alinipigia tena, safari hii anacheka. Kukhu amehama. Amebeba godoro lake, blanketi zake, Biblia yake na kuku wake mwenye vifaranga, na sasa analala kwenye benchi na anafukuza watoto wasichafue sakafu. Na kikohozi kimepungua. Nilikaa chini ya meza ya kuchorea, mahali ambapo mteja hawezi kuniona, nikalia kwa furaha. Sijawahi kufurahi namna ile kwa kazi yoyote ya mikono yangu.

Nilichokuwa sijui ni kwamba Wekoye naye alikuwa amelipenda jiko. Palikuwa mahali pakavu kuliko pote pale nyumbani, panya hawaingii, mvua haivuji. Baada ya mavuno aliingiza magunia manne ya mahindi ya kula, akayapanga kando ya kabati la mbegu. Mtu yeyote wa Tongaren angefanya hivyo.

Mwishoni mwa Januari mama alinipigia simu. Nilikuwa na mteja, mwalimu mkuu mmoja na mkewe, wanabishana kuhusu rangi.

"Lispa, dudu imeingia kwa mbegu."

"Mbegu gani?"

"Mbegu yangu. Ile ya mama. Nimefungua kabati nikapata unga chini. Punje zimetobolewa, Lispa. Hata hii ya kula kwa gunia imeanza."

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Ningeisikia, kama ningekuwa nasikiliza. Mbegu ile ilikuwa imetoka kwa mama yake, na miaka hamsini na zaidi hakuipoteza hata msimu mmoja, mpaka nilipomjengea kabati.

"Mwambie Wekoye anunue dawa," nilisema. "Dawa iko. Mambo ya moshi ni ya zamani, mama. Niko na watu."

Nikakata simu, nikarudi kwenye rangi.

Alikufa Jumanne ya pili ya Februari. Joan alimpelekea uji asubuhi, akashangaa mlango bado umefungwa na jua limeshapanda. Wekoye aliupiga teke. Mama alikuwa kwenye benchi, ameteremsha mguu mmoja kama aliyetaka kuamka. Chini ya benchi kuku alikuwa amekufa na vifaranga wake wote saba walikuwa wamekufa chini ya mabawa yake. Joan alisema kulikuwa na harufu kama ya kitunguu saumu kilichooza, na kwamba macho yalimuwasha mpaka akarudi nyuma.

Mimi nilipofika, uwanja ulishajaa watu na watu walishapata jibu. Ni ile gesi ya mavi. Ni Rispah na mambo yake ya Kitale. Niliwasikia, hawakujificha. Sasa sikilizeni jinsi nilivyo: mama yangu hata hajapelekwa mochari, na mimi nilikuwa nampigia Kigen aje haraka na maji ya sabuni. Alipaka povu kwenye kila mshono wa mabomba, na mimi nikasimama juu yake nikitazama. Hakuna povu lililovimba. Nikawaita wazee waje waone wenyewe. Jiko langu halikuwa na kosa, na nilitaka kila mtu ajue.

Siku mbili baadaye daktari aliyempasua mama alitueleza kuwa ni dawa ya kuhifadhi mahindi, vile vidonge ambavyo vikiguswa na hewa hutoa gesi ya kuua wadudu. Tulipofungua magunia tulikuta unga wa kijivu, mabaki ya vidonge, uliokuwa umeviringishwa kwenye vitambaa. Na kabatini, katikati ya mbegu za mama, vidonge vingine.

"Nani aliweka?" niliuliza pale nje ya mochari.

"Ni mimi," alisema Wekoye.

Ndipo nilipomkamata kola. Nilimwambia amemuua mama. Nilimwambia nimehangaika kumwokoa na moshi, yeye kwa ujinga wake amemfungia sumu ndani. Nikamwambia pengine si ujinga. Aliniacha nimtikise. Hakuinua mkono, hakusema neno, na mimi nikachukua kule kunyamaza kuwa ndio kukiri. Simu yangu na mama niliikumbuka, naam. Nilijiambia kwamba nilisema dawa, sikusema vidonge, na sikusema iwekwe mahali mtu analala. Nililishika hilo kwa nguvu mazishi yote.

Kwetu, siku ya tatu baada ya kuzika, wafiwa hunyolewa nywele, na kabla ya wembe kuanza watu wa ukoo huketi wakasema waziwazi marehemu aliondokaje. Kila mwenye neno hulitoa hapo, ili lisije likaoza ndani ya mji. Mzee Walubengo, kaka ya baba yetu, ndiye aliyeongoza. Tuliketi mbele ya jiko, kwa sababu ndipo kulikuwa na kivuli. Viti vya mbele vilikuwa vyangu na shangazi zangu. Wekoye alikaa peke yake mwishoni, na hakuna aliyemsogelea.

Walubengo alimwita. Akasimama, kofia mkononi.

"Ni mimi nilinunua vidonge," alisema. "Nikaweka kwa gunia, nikaweka kwa mbegu."

"Wenye waliuza walikwambia nini?"

"Waliniambia mtu asilale hapo. Siku kumi."

Watu walinung'unika. Shangazi mmoja akapiga makofi mara moja kwa huzuni. Nilihisi jambo linalofanana na ushindi, na nalisema ili mnijue.

"Na wewe ukamwacha mama yako alale," alisema Walubengo.

"Nilimwambia, baba. Nikabeba godoro mpaka nyumba kubwa. Jioni nikapata amerudisha. Nikabeba tena."

"Halafu?"

"Akarudisha."

"Kwa nini?"

Wekoye alitazama kofia yake. Aliizungusha, akaizungusha tena.

"Wachana na hiyo, mzee. Wacha ikae ni mimi."

"Hapa hatuachi kitu. Mama alisema nini?"

Wekoye alikataa kwa kichwa. Akaketi. Walubengo akaita tena jina lake, na badala yake akasimama Joan, mtoto mgongoni, analia na kusema kwa pamoja.

"Mimi nilikuwa hapo. Tulimwambia, kukhu, kuna dawa ndani, itakudhuru. Akatucheka. Akasema Lispa ni mtu wa kusoma, na Lispa alimwambia hewa ya hii jikoni ni safi kuliko ya hospitali. Ati Lispa alisema humu ndani hakuna kitu ya kumuua." Alijifuta uso kwa ncha ya leso ya mtoto. "Akauliza, kitu haina moshi itaniua aje? Akafunga mlango. Huyu amekataa kusema hii maneno tangu siku ile. Alinikataza na mimi."

Waligeuka mmoja mmoja kunitazama, hata watoto. Mlango wa jiko ulikuwa wazi nyuma ya Walubengo na niliweza kuona kaunta, sinki na kabati la mbegu lenye mpira wake, kila kitu mahali nilipokipanga. Mimi mwenye mdomo, nilitafuta neno la kujitetea, na yote niliyoyapata yalikuwa yale yale niliyomfundisha mama. Kitu inaua iko na moshi.

Nilisimama.

"Nilisema hivyo," nikasema. "Nilimwambia hivyo, na nikamwambia atumie dawa. Nilikata simu."

Niliketi. Walubengo akasema limesikika. Wengine waliokuwepo siku ile hawajalirudia nje, labda kwa heshima, na ndiyo sababu huko sokoni bado linatajwa jina la Wekoye. Kwa hiyo nalisema mimi.

Mwenye wembe akalowesha kitambaa na kuuliza aanze na nani. Kwa desturi angeanza na Wekoye, mtoto wa kiume. Wekoye akaninyooshea kidole. Nilikwenda nikaketi kwenye kigoda, kigoda kile kile cha mama, na nilipoinama nilianza kutetemeka kiasi kwamba mwenye wembe alirudisha mkono nyuma akasema atanikata. Nikasikia hatua za Wekoye zinakuja kutoka mwisho wa viti. Akanishika kichwa kwa viganja vyote viwili, mikono inayonuka ng'ombe na sabuni, akakituliza, akamwambia mwenye wembe aendelee.